Shati la Getini

Jamani, nisikilizeni. Mnaochanganya zege, mnaobeba matofali, mnaopiga plasta, na zaidi ninyi mnaowachemshia chai alfajiri kabla hawajatoka, maana mwisho wa yote mzigo unakuja kuwaangukia ninyi. Mimi kazi yangu ni cherehani. Nimepanga chumba cha mwisho katika nyumba yetu, na ukuta wangu mmoja ndio ukuta wa jirani zangu ambao habari zao nataka kuwapa leo. Ukuta wenyewe mwembamba. Wakicheka kule nami nacheka, mtu akikohoa naitikia pole.

Jirani huyo alikuwa fundi wa plasta. Sote tulimwita Pima Maji, kwa ajili ya kile kifaa chake chenye kitone cha maji katikati, ambacho mafundi hukilaza ukutani kuona kama umenyooka. Wengine huacha vifaa kazini, yeye alirudi nacho nyumbani. Alipima meza ya uani, akapima kizingiti cha choo, na siku moja alimwekea mkewe kichwani akiwa ameinamia sufuria. "Leo umelalia kushoto kidogo, mke wangu," akasema. Mkewe, Mama Mapacha, akamrushia ganda la kitunguu na sisi wapangaji tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili moja alikuwa anaziba sakafu ya bafu letu la pamoja kwa saruji aliyonunua mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba ni mtu wa kuahidi tu. Mapacha wake wawili, wasichana, walikuwa wanazunguka wakitaka kukanyaga. Hakuwafukuza. Aliwaambia kila mmoja aweke unyayo mmoja pembeni, ili wakiwa wakubwa waje wajipime. Shemeji alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anawatania. Huyu Shemeji ni mdogo wake Mama Mapacha, na nyumba nzima tulimwita hivyo hata tusiohusika. Pima Maji ndiye aliyemtafutia kibarua kwenye mjengo na kumfundisha kushika mwiko.

Jioni ile Pima Maji aliniletea shati. "Mama Cherehani, nisaidie kifungo."

Lilikuwa shati jeupe, safi, limepigwa pasi. "La nani?"

"La kazini. La wote."

"Shati la wote? Mnavaa kwa zamu?"

Alicheka. Nilitafuta kwenye kopo langu nikakuta vifungo vyeupe vimekwisha, kimebaki chekundu. Nikamwambia kitaonekana. "Shona tu," akasema. "Atakayelivaa hatakuwa na muda wa kujitazama kwenye kioo." Nami nikashona, nikaona ni utani wake wa kawaida.

Sasa niwaeleze habari za shati hilo, maana mimi nilikuja kuzielewa baadaye. Zamani kidogo, mtu alianguka kwenye mjengo wao na gari la wagonjwa likaingia mpaka ndani kumchukua. Nyuma ya gari wakaja wakaguzi, wakaifunga kazi. Geti likatiwa kufuli, na mafundi na vibarua wote wakakaa nyumbani mpaka watoto wakaanza kulala na njaa. Kazi ilipofunguliwa, wale wanaume walifanya kikao chao wenyewe, bila tajiri, bila nyapara. Wakakubaliana kwamba kuanzia sasa mtu akiumia, kabla ya jambo lolote, atolewe nje ya geti. Afutwe vumbi la saruji kwa gunia lililoloweshwa, avuliwe nguo za kazi, avishwe shati safi, abebwe hadi kando ya barabara, na hapo ndipo watu wapige kelele za kuomba msaada. Hospitalini atasema amegongwa na pikipiki. Shati likatundikwa kwenye msumari stoo, likimngoja mwenye zamu. Na aliyetoa wazo la shati, jamani, ni Pima Maji mwenyewe.

Hawakuwa watu wabaya. Walipendana, hilo ndilo linaloniuma. Kila aliyelivaa lile shati alijiona amewaokolea wenzake riziki, na wenzake walimchangia kidogo na kumpelekea matunda. Nyapara alipogundua, alinyamaza na kufurahi moyoni. Hakuwahi kumlazimisha mtu yeyote kusema uongo, walimfanyia kazi hiyo bure.

Amani ya ile Jumapili ilidumu mpaka katikati ya wiki. Pima Maji alikuwa juu ya jukwaa anapiga plasta ukuta wa nje, ghorofa ya tatu. Jukwaa lenyewe lilikuwa la miti iliyokwisha kutumika kwenye majengo mengine, mbao zake zimetoboka kwa misumari ya zamani. Ubao ukakatika akiwa ameinua mwiko. Alidondokea kwenye rundo la kokoto, mgongo ukatangulia.

Shemeji alikuwa chini anachanganya saruji. Aliniambia Pima Maji hakupiga kelele. Alisema, "Siisikii miguu." Halafu wenzake wakiwa wamesimama, hawajui waanzie wapi, akawaambia tena kwa sauti ndogo, "Leteni shati."

Wakamkalisha. Mmoja alimshika kwapani, mwingine akamvuta mikono kuitoa kwenye fulana iliyokuwa imekauka saruji, na kichwa chake kikaangukia mbele. Shemeji ndiye aliyefunga vifungo. Wakambeba, wawili mabega na wawili miguu, wakamlaza kando ya barabara, wakaanza kupiga mayowe kuhusu pikipiki ambayo haikuwepo.

Mama Mapacha alinipitia tukaenda hospitali pamoja. Tulimkuta daktari amekasirika. "Nani alimkalisha huyu?" akauliza. "Mtu aliyeumia mgongo haguswi ovyo. Angelazwa bapa kwenye ubao, akaachwa hivyo mpaka tumfikie. Sasa uti umeharibika zaidi."

Muuguzi alikuwa na kalamu yake. "Baba, umeumia wapi?"

"Barabarani," akasema Pima Maji.

"Umegongwa na nini?"

"Pikipiki. Ilikimbia."

Mkewe alikuwa amemshika mkono. Nilimwona anaziangalia kucha za mumewe, zimejaa saruji mbichi, kisha anamwangalia usoni. Mume akafumba macho. Nyapara alikuja baadaye na chupa ya juisi na pole nyingi sana. Alipoondoka, aliondoka na shati.

Pima Maji alirudishwa nyumbani akiwa hai kuanzia kifuani kwenda juu. Aliwekwa kwenye godoro upande wa ukuta wangu, kwa hiyo nilimsikia kila kitu: akigeuzwa, akioshwa, akiomba radhi kwa kuoshwa. Michango ya wenzake ilikuja kwa wingi mwanzoni, kisha ikapungua, kisha ikabaki salamu. Mama Mapacha alikwenda kwenye mjengo kuomba asaidiwe. Mlinzi alimjibu kwa adabu kabisa: "Mama, hapa ndani hajawahi kuumia mtu."

Mteja wangu mmoja aliniambia kuna kituo cha msaada wa kisheria, wanasaidia wasio na uwezo bila malipo. Nikamburuta Mama Mapacha, maana yeye alikuwa anaogopa hata neno lenyewe la wakili. Tulimkuta mwanamke wa makamo, amechoka, miwani imefungwa kwa uzi, foleni ya watu mlangoni. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Fundi aliyeumia kazini ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia," akasema. "Hata kama ni kibarua wa siku. Hata kama hakusaini mkataba. Sheria iko upande wenu, mama. Lakini wao watasema amegongwa barabarani, na watakuwa wanarudia maneno ya mumeo. Nani alimwona akianguka?"

"Mdogo wangu alikuwepo," Mama Mapacha akajibu. "Na wengine wengi."

"Basi nileteeni mmoja tu. Mmoja anatosha kuanzia."

Tulirudi tumechangamka. Nakumbuka tulicheka njiani, tukaona kama mambo yamekwisha.

Wakili mwenyewe alikwenda getini saa ya mapumziko kuwauliza wale wanaume. Wote walitazama viatu vyao. Akaja nyumbani, akaketi sakafuni karibu na godoro. Pima Maji alimwambia yuko tayari kusema ukweli sasa. Wakili akamweleza taratibu: "Wewe peke yako watakushinda. Watasema siku ile ulisema hivi, leo unasema vile kwa sababu unataka hela. Ninamhitaji mtu wa pili."

Mtu wa pili alikuwa chumbani mle mle, ameegemea mlango. Sote tukamgeukia.

"Shemeji," Pima Maji akasema.

Shemeji alitoka nje. Nilimfuata uani, nikamkuta amesimama bafuni, anaziangalia zile nyayo za mapacha. Mimi sina subira na wanaume wanaokimbia maneno, nikamwuliza kama ana moyo au ana kokoto.

"Mama Cherehani, nisikilize kwanza," akasema. "Mimi ndiye ninayepiga plasta sasa. Wamenipa nafasi yake. Chakula cha nyumba hii kinatoka wapi? Dawa zake zinatoka wapi? Nikienda kwa wakili asubuhi, mchana sina kazi. Na mjengo ukifungwa, wote hawana kazi. Nitawatazamaje?"

Nawaambia ukweli, mpaka leo sijalipata jibu zuri la swali hilo, na ndiyo maana nimewaita hapa.

Lakini damu ni damu. Baada ya siku kadhaa Shemeji alikuja mwenyewe, akapiga magoti pale kwenye godoro. "Niache nimalize ukuta ule wa nje," akasema. "Ukiisha, kazi yangu pale imekwisha, hawana cha kunifukuzia. Nitakwenda kwa wakili niseme yote."

Tangu hapo Pima Maji akaishi kwa ajili ya ule ukuta. Kila jioni, Shemeji akiingia, swali lilikuwa lile lile. "Umefika wapi, shemeji?" Shemeji anajibu amefika dirishani, amefika kwenye kona, amebakiza sehemu ya juu. Pima Maji anamwelekeza asiharakishe, plasta isije ikapasuka. Mtu amelala hana miguu, na bado anajali ukuta wa watu usipasuke. Wakati mwingine alikuwa akiweka kile kifaa chake kifuani, analitazama tone la maji likicheza kwa pumzi zake, akawaonyesha watoto. Wakili alitukumbusha kwamba muda wa kudai unakwenda. Tukamwambia ukuta umebaki kidogo.

Mwisho Shemeji akasema Jumatatu. Tulikubaliana Jumatatu asubuhi. Nilimpunguzia suruali ya kuvaa mbele ya wakili, Mama Mapacha akaipiga pasi na kuitundika. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu ajali, nilimsikia Pima Maji akimtania mkewe.

Jumamosi mchana simu ikaita. Shemeji yuko hospitali.

Msidhani nawatungia muujiza. Jukwaa lilikuwa lile lile, miti ile ile. Ubao uliokatika walikuwa wameubadilisha, wa jirani yake hawakuubadilisha.

Kabla hatujatoka, Pima Maji alimwita mkewe. "Kimbia," akamwambia. "Mfikie kabla hajaulizwa. Mwambie aseme alipoangukia, basi. Mwambie mimi ndiye niliyesema." Njiani nikampigia wakili. Naye akasema vilevile: "Akisema hapo hapo, mbele ya muuguzi, nina kesi mbili badala ya moja. Namfuata sasa hivi."

Tulikimbia. Mama Mapacha kandambili zilimvuka njiani, hakuziokota. Tuliingia wodini tukamkuta Shemeji amelala, mguu mmoja umekaa mahali ambapo mguu haukai, na amevaa shati jeupe. Kifungo cha tatu kutoka juu kilikuwa chekundu. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya juisi. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anakaribia na kalamu.

"Hajaulizwa," Mama Mapacha akaninong'oneza, na nikaona uso wake unang'aa. Akamwinamia. "Mdogo wangu, mimi hapa. Shemeji yako amesema sema ulipoangukia. Usiogope, wakili anakuja."

Shemeji alimtazama dada yake. Machozi yakamtoka mpaka masikioni.

"Kaka, umeumia wapi?" muuguzi akauliza.

Hakumtazama nyapara hata mara moja. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Alimtazama dada yake tu, akasema, "Dada, wenzangu wako mle ndani. Jumatatu watakwenda wapi?" Kisha akamgeukia muuguzi. "Barabarani. Pikipiki."

Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia muuguzi huyo ni mwongo, shati hilo nalijua, kifungo hicho nimekishona kwa mkono wangu. Alinihurumia, nilimwona. "Mama," akasema, "mimi naandika anachosema mgonjwa."

Wakili alifika akakuta imeandikwa. Aliketi kwenye benchi la nje, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakutulaumu. Alijaribu tena, akaandika barua, akaenda huku na kule, na muda wa kudai ukapita. Shemeji alikatwa mguu juu ya goti. Alipotoka hospitali alikuja kusimama mlangoni kwa Pima Maji na magongo yake, anataka kuomba radhi.

"Ukuta uliisha?" Pima Maji akamuuliza.

"Uliisha. Amemalizia mwingine."

"Umenyooka?"

"Umenyooka."

Nilisikia yote kutoka upande wangu. Baada ya hapo hawakuzungumza tena habari hiyo.

Sasa Mama Mapacha anabeba mchanga kwenye mjengo ule ule. Nyapara alimpa nafasi, anasema kamhurumia. Wanaume wawili wanamngoja nyumbani wamelala, na mapacha wameacha kucheza uani kwa sababu kuna mtu wa kugeuzwa na mtu wa kuinuliwa. Juzi jioni alikuja kwangu, mavumbi mpaka kwenye kope, akaniwekea kitu mezani. Ni lile shati. Hospitali walilichana mkono wakimtibu Shemeji, na nyapara amemtuma alilete lishonwe.

"Utalishona?" akaniuliza.

Nilichukua mkasi nikalikata. Nilikata mikono, kola, mgongo, nikakata mpaka vikawa vipande visivyofaa hata kufutia meza. Mama Mapacha alinitazama, halafu akaokota kile kifungo chekundu, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Tuliona tumefanya jambo.

Kesho yake aliporudi kazini alikuta shati jipya kwenye msumari.

FUNZO

Ndugu zangu, mnaweza kusema funzo la habari hii ni ubaya wa matajiri wanaojengea watu majukwaa ya miti mibovu. Ni kweli, na wanajijua, na wala hawajaja hapa kunisikiliza. Mimi nasema na ninyi mliokuja.

Mwenzako akianguka, usimwinue, usimkalishe, usimvue nguo. Mlaze hapo hapo alipo, mwite daktari aingie ndani ya geti, na magari yaingie, na wakaguzi waingie. Mkimhamisha mnamvunja mara ya pili, na safari hii mikono ni yenu.

Na wewe unayeumia, ukiulizwa umeumia wapi, sema hapo hapo, mara ya kwanza, kabla hujamwonea huruma mtu yeyote. Neno la kwanza ndilo litakalokufuata mpaka unazeeka. Msaada wa kisheria upo, wanasheria wa bure wapo, wamechoka lakini wapo. Lakini wakili hawezi kubeba ukweli ambao wewe mwenyewe umeutupa kando ya barabara. Nendeni kwao siku ya kwanza, si baada ya ukuta kuisha.

Mnasema mnaficha ili wenzenu wasikose kazi. Haya. Pima Maji aliwahurumia wenzake, na Shemeji aliwahurumia wenzake. Hesabuni sasa ni wangapi kati yenu mliohurumiwa mmekwenda kumgeuza Pima Maji kitandani. Ninakaa ukuta mmoja naye, kwa hiyo msinidanganye.

Kazi ikifungwa, mtalala na njaa wote kwa pamoja, na kwa pamoja mtadai ifunguliwe ikiwa salama. Aliyevaa lile shati analala na njaa peke yake. Asubuhi Mama Mapacha atapita tena chini ya lile jukwaa na karai la mchanga kichwani, na shati jipya liko stoo, limepigwa pasi. Mnaofanya naye kazi mmo humu ndani. Siku mkimwona ameanguka, msiende kulileta.